Hewa Ndani ya Kioo

Jiwe dogo likirushwa na tairi la lori likagonga kioo cha mbele, mlio wake humshtua dereva kuliko ukubwa wa jiwe lenyewe. Wanaosafiri barabara ya Morogoro, kuanzia Chalinze kwenda bara, wanaufahamu mlio huo. Malori ya Tunduma, Zambia na Kongo hupita usiku na mchana, na popote mkandarasi alipomwaga lami akatandaza kokoto ambazo hazijashikamana bado, matairi huzirusha bila kukoma. Dereva hukaza macho, akatafuta palipogongwa, akakuta kishimo cha milimita tatu au nne kilichozungukwa na doa la kijivu. Hupitisha kidole gumba juu yake, akaona hakuna upepo unaoingia, na safari ikaendelea.

Wengi huishia hapo. Wiki zinapita, kishimo kinazoeleka, hata siku moja gari lililoshinda juani linawashwa, kiyoyozi kinafunguliwa hadi mwisho, na ufa unaanza kutembea kutoka kwenye kile kishimo mpaka ukingoni mwa kioo. Hapo hakuna la kufanya tena ila kununua kioo kingine. Kati ya kishimo na ufa huo ndipo alipo fundi ninayetaka kumsifu: fundi wa kuziba vioo, mtu mwenye kisanduku kimoja cha vifaa, ambaye kazi yake yote ni kuitoa hewa mahali ambapo haikupaswa kuwapo.

Ili kumwelewa, tuanze na kioo chenyewe. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyembamba, kila kimoja na unene wa milimita mbili hivi, na katikati yake umo utando wa plastiki uitwao polivinili butirali, ambao kwa kawaida una unene wa milimita 0.76. Vyote vitatu vimebanwa kwa joto na mgandamizo hadi vikawa kitu kimoja. Vioo vya milangoni kwa kawaida ni vya aina nyingine: vimepashwa moto kisha vikapozwa ghafla, ndiyo maana vikivunjika humwagika chembechembe mara moja. Kioo cha namna hiyo hakizibwi. Cha mbele huzibika kwa sababu jiwe la barabarani, mara nyingi, hujeruhi tabaka la nje tu. Utando na tabaka la ndani hubaki vizima, na fundi anapata mahali pazima pa kuegemeza kazi yake.

Kioo hicho kina historia ya zaidi ya karne moja. Mwaka 1903 mkemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara ambayo ndani yake mlikuwa na utando wa selulosi uliokauka. Chupa ilipasuka, lakini vipande vikabaki vimeshikana. Mwaka 1909 aliandikisha hataza ya kioo chenye utando katikati. Utando wa enzi hizo uligeuka manjano kwa jua, na ni katika miaka ya 1930 ndipo plastiki tuliyo nayo leo ilipoanza kuchukua nafasi yake. Wazo kwamba kioo hicho kikigongwa kinaweza kutibiwa badala ya kutupwa lilikuja baadaye sana: kuziba kwa resini kulianza kuwa biashara huko Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo ufundi huu ni mchanga kuliko wengi wa madereva wetu wazee wa masafa marefu.

Sasa tutazame kile kishimo. Jiwe la mviringo likigonga kioo kwa nguvu, mpasuko haushuki wima. Hutanuka kadiri unavyozama, ukaunda umbo la koni, jambo ambalo mwanafizikia Mjerumani Heinrich Hertz alilieleza katika miaka ya 1880. Ukisimama mbele ya gari unaona duara la kijivu. Hilo ndilo tako la koni, limelala ndani ya unene wa kioo, pana kuliko tundu la juu lililo mlango wake. Jiwe lenye ncha huacha nyota, yaani nyufa nyembamba zinazotoka katikati kwenda pande zote. Mengine huacha nusu duara, mengine huchanganya yote. Fundi hulifurahia duara kwa kuwa nafasi ndani yake ni pana. Nyota humdai subira, maana kila mguu wake huishia kwenye ncha nyembamba ambayo jicho haliwezi kuifuata.

Na ile rangi ya kijivu ni hewa. Kioo chenyewe, isipokuwa vumbi lake lililodondoka pale katikati, bado kipo chote. Kilichobadilika ni kwamba nyuso mbili zilizokuwa zimeungana zimeachana kwa upenyo mdogo sana, na hewa imeingia. Mwanga unaosafiri ndani ya kioo ukikutana na hewa hupindishwa na kurudishwa, ndipo jicho likaona doa. Ukiiondoa hewa ukaweka mahali pake kimiminika kinachopindisha mwanga kwa kadiri ile ile ya kioo, mwanga hupita moja kwa moja na doa hufifia. Resini za kazi hii zimetengenezwa kwa shabaha hiyo, pamoja na shabaha ya pili iliyo kubwa zaidi, yaani kushika.

Kwa nini kushika? Jibu lake lilitolewa na mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, katika makala aliyochapisha mwaka 1921 baada ya kupasua mirija na tufe za kioo alizozitia nyufa kwa makusudi. Alionyesha kwamba kioo hushindwa kwa sababu ya nyufa zilizomo ndani yake: nguvu inayokivuta kioo kizima hujikusanya kwenye ncha ya ufa, na ufa ukishafikia urefu fulani kwa nguvu iliyopo, hukimbia. Mtikisiko wa barabara ya vumbi, mlango unaofungwa kwa kishindo, jua la mchana kwa nje na baridi ya kiyoyozi kwa ndani, vyote hukivuta kioo. Unyevu nao una mkono wake. Molekuli za maji hufika kwenye ncha ya ufa na kudhoofisha viungo vya kioo pale pale vinapovutwa, hivyo ufa unaweza kujisogeza polepole hata gari likiwa limeegeshwa. Mji wa pwani kama Dar es Salaam, wenye joto na unyevu mwaka mzima, hauupi ufa mapumziko. Resini iliyofika hadi nchani na kukauka humo huzishika kuta mbili za ufa, na nguvu iliyokuwa ikikusanyika mahali pamoja hugawanywa.

Fundi niliyemtazama yuko Ilala, katika mitaa ile ya vipuri ambako kila anayepita na gari huulizwa anatafuta nini. Ana turubai, kiti cha plastiki, na kisanduku. Mama mmoja alifika na Toyota IST yenye nyota upande wa abiria, ameibandika selotepu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jiwe limenipiga Kibaha juzi. Nifanyie haraka, saa nane natakiwa kazini."

"Pole, mama. Lakini kioo kimechemka. Naomba gari likae kivulini kwanza, tena tufungue milango. Tukianza sasa hivi nitakuharibia."

Alilisogeza gari chini ya turubai na kwa muda mrefu hakuligusa. Ninaipenda sana hatua hii, kwa kuwa ndiyo ambayo fundi asiye na adabu ya kazi huiruka. Kioo chenye moto hutanuka, kuta za ufa zikabanana, na resini ikakosa njia. Zaidi ya hayo, resini yenyewe ikipata joto huwa nyepesi kupita kiasi, na hukauka kwa mionzi ya urujuanimno ambayo jua letu linayo kwa wingi. Ikiingizwa gari likiwa juani, inaweza kuganda njiani kabla ya kuzifikia ncha. Hata kukipoza kioo kwa maji ni hatari, kwa sababu mshtuko huo huo ndio unaoukimbiza ufa. Kilichobaki ni kungoja. Fundi alipima kwa kuweka mgongo wa mkono kwenye kioo, kwa nje, halafu kwa ndani, akarudi kukaa.

Wakati akingoja alimhoji mama yule. Jiwe limepiga lini? Gari limeoshwa tangu siku hiyo? Kuna kitu chochote kilichopakwa, gundi, dawa ya meno, rangi ya kucha? Mama alijibu kwamba ameweka selotepu tu, alivyoambiwa na kaka yake. Fundi akafurahi waziwazi. Selotepu angavu, iliyobandikwa mapema juu ya kioo kikavu, ndiyo huduma ya kwanza bora kuliko zote. Inazuia vumbi, mafuta na maji ya mvua. Gundi ya haraka ya dukani ni kinyume chake. Huziba mlango wa juu, ikaacha hewa imefungiwa ndani, na baada yake hakuna resini itakayopita.

Kisha akaanza. Alibandua selotepu, akawasha tochi ndogo na kuilaza pembeni ili mwanga upite ubavuni mwa kioo, na kila mguu wa nyota ukajitokeza. Alichukua sindano ya chuma yenye mpini, akachokonoa katikati kutoa vumbi la kioo lililopondeka, kwa mkono mwepesi mno. Vipande vilivyolegea vikibaki vinaziba njia. Akichokonoa kwa nguvu anazaa ufa mwingine. Akapuliza kwa pampu ndogo ya mpira, akakausha kwa hewa ya uvuguvugu kutoka mbali, akangoja tena kioo kirudi kwenye joto lake. Kuna majeraha ambayo mlango wake umejifunga kabisa, na kwa hayo fundi hutumia keekee yenye ncha nyembamba sana kufungua tundu kwenye tabaka la nje. Hapo mkono unapimwa kweli, maana tabaka lote lina milimita mbili tu na utando wa plastiki haupaswi kuguswa. Kwa nyota ya mama yule keekee haikuhitajika.

Juu ya kishimo alisimamisha fremu ndogo iliyoshikwa kwenye kioo na vikombe vya mpira vinavyonyonya. Katikati ya fremu umo mrija mfupi wenye mdomo wa mpira laini. Mdomo huo aliulaza juu ya kishimo, akausawazisha kwa skrubu hadi ukakaa wima kabisa, ukibana kiasi cha kutovuja na bila kukilemea kioo. Akaingia ndani ya gari, akatazama kutoka upande wa dereva kama mdomo umekaa katikati, akatoka, akarekebisha kwa robo ya mzunguko. Kisha akadondosha resini ndani ya mrija. Matone machache tu. Yeye huiita dawa, na chupa yake ni nyeusi ili mwanga usiifikie.

Ningetamani kila mwenye gari aione sehemu inayofuata walau mara moja. Fundi aliikaza pistoni ya mrija taratibu, na resini ikaanza kuingia. Ilipita katikati kwanza, doa la kijivu likawa na tundu angavu. Halafu ikashika miguu, ikapanda ndani ya nyufa kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, mguu mmoja ukatoweka, wa pili ukatoweka nusu. Ikasimama. Mtu mwenye pupa angekaza zaidi. Yeye alifanya kinyume: alilegeza pistoni na kuivuta juu, hata ndani ya mrija kukawa na ombwe. Viputo vya hewa vilivyokuwa vimenaswa nyuma ya resini vilitanuka, vikatafuta njia ya kutoka, vikapanda kupitia mdomo wa mrija. Alingoja. Akakaza tena, resini ikasonga mbele kuchukua nafasi ya hewa iliyotoka. Akangoja. Akalegeza. Kila mzunguko ulikula kipande cha kijivu kilichobaki, kidogo kuliko kilichotangulia.

Mguu mmoja ulikataa. Ulikuwa mrefu kuliko mingine, na ncha yake iling'aa kwa rangi ya fedha, dalili kwamba bado ina hewa. Fundi aliingia ndani ya gari na kukisukuma kioo kwa kidole gumba, kwa kiasi tu cha kuufungua ufa unywele mmoja, akaachia, akasukuma, akaachia. Alifanya hivyo akiwa ameikodolea macho ile fedha mpaka ikavunjika vipande viwili, ikawa kimoja, ikaisha. Sijaona fundi wa kazi yoyote anayesikiliza kwa kidole gumba namna ile. Akikosa kipimo, ufa unarefuka mikononi mwake na mteja anapoteza kioo. Akiogopa, hewa inabaki nchani, na ncha ndiyo mahali pekee ambapo Griffith alitufundisha tusiache kitu.

Mama alitazama saa. Fundi akamwambia kwa upole, "Mama, bado kidogo. Nikitoa mapema utarudi kwangu na ufa." Mama akaguna, akakaa kwenye kiti cha plastiki.

Resini ilipoenea kote, jua lililokuwa adui likawa msaidizi. Taa ya urujuanimno anayo, na siku za mawingu huitumia. Siku ile aliondoa fremu, akadondosha tone la resini nzito juu ya kishimo, akalifunika kwa kipande cha plastiki angavu, na kulisukuma gari nje ya turubai. Plastiki ile ina kazi yake. Oksijeni ya hewani huizuia resini ya aina hii isikauke vizuri usoni, ikabaki inanata. Ukiifunika, inaganda ngumu. Jua la saa saba likaifanya kazi kwa dakika chache. Ni lazima mwanga utoke nje, kwa kuwa utando wa plastiki ulio katikati ya kioo huizuia karibu mionzi yote ya urujuanimno isipite, kwa hiyo taa ikiwekwa ndani ya gari haifai kitu.

Mwisho alibandua kifuniko, akachukua wembe mpya, akausimamisha wima na kukwangua resini iliyozidi hadi ukucha ulipopita bila kukwama. Tone la dawa ya kung'arishia, kitambaa, kazi imekwisha. Mama alisimama mbele ya kioo, akakitafuta kidonda, akakiona baada ya kuinamisha kichwa. Palibaki nukta ndogo ya jiwe na mstari mmoja unaoonekana ukisimama upande fulani.

Hilo ndilo la kwanza ambalo mwenye gari anapaswa kulitarajia. Kioo kilichozibwa hakirudi kuwa kipya machoni. Alama itabaki, hafifu kwa duara la juzi, dhahiri zaidi kwa nyota ya miezi sita iliyokunywa vumbi na sabuni ya kuoshea magari. Anayekuahidi kwamba hutaona chochote anakudanganya, au hajui kazi. Ahadi anayoweza kuitoa fundi mwaminifu ni kwamba sehemu kubwa ya uimara itarudi na ufa utazuiwa kuendelea. Kabla ya kulipa, zunguka ukitazame kioo kutoka pande zote: mguu unaong'aa fedha una hewa. Ni afadhali useme mapema, kabla resini haijakauka, kwa kuwa ufa ambao resini imeganda huku hewa ikiwa bado ndani yake ni mgumu sana kuufungua tena.

La pili ni kwamba kuna majeraha yasiyozibika. Siku hiyo hiyo bwana mmoja alileta pikapu ambayo ufa wake ulikuwa umefika ukingoni. Fundi hakufungua hata kisanduku. "Kaka, nitakula pesa yako bure," alimwambia. Ukingo wa kioo ndipo nguvu za bodi ya gari zinapoingilia, na ufa uliofika huko hauna subira. Halikadhalika jeraha lililopenya hadi tabaka la ndani, au lililochana utando, au lililo mbele kabisa ya macho ya dereva. Alama ndogo mahali pengine haidhuru kitu, lakini mbele ya dereva inaweza kutawanya mwanga wa taa za gari linalokuja usiku. Uingereza, katika ukaguzi wa magari wa kila mwaka, eneo la upana wa milimita 290 mbele ya usukani, pale panapofutwa na waipa, haliruhusiwi kuwa na dosari inayozidi milimita 10. Sehemu nyingine zinazofutwa na waipa mwisho ni milimita 40. Sisi tungenufaika kuvikumbuka vipimo hivyo hata pale ambapo hakuna anayetudai. Magari mapya yenye kamera nyuma ya kioo, kama baadhi ya Subaru zinazoingia kwa wingi Nairobi na Dar es Salaam, yana mpaka mwingine: mbele ya jicho la kamera pasizibwe ovyo, maana kamera nayo inahitaji kuona.

Tarajia pia kwamba kazi yenyewe, kioo kikiwa kimepoa, huchukua nusu saa au zaidi kidogo, na gari unaondoka nalo papo hapo. Na ujue mapema kwamba mara chache ufa hukimbia wakati wa kuzibwa, hata kwa fundi bora, kwa sababu ulikuwa tayari umefika kikomo chake. Mzungumzie jambo hilo kabla hajaanza: likitokea, nani analipa nini? Fundi wa Ilala hulisema mwenyewe bila kuulizwa. Kama una bima kubwa, soma kipengele cha kioo kabla ya kubadilisha, kwa kuwa mara nyingi kina kikomo cha pesa, na kuziba mara zote ni nafuu kuliko kubadilisha.

Ipo sababu nyingine ya kupendelea kuziba, nayo ni usalama. Kioo cha mbele kimegundishwa kwenye bodi kwa gundi ya poliyurethani tangu kiwandani. Husaidia kuliimarisha paa gari likipinduka, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hukitegemea kioo unapofumuka. Kukibandua na kukibandika upya ni kazi inayotaka gundi sahihi, usafi, na saa za kusubiri gundi ishike kabla gari halijaendeshwa. Wapo wanaoifanya vizuri. Wapo pia wanaokukabidhi gari baada ya dakika ishirini, na tofauti utaigundua siku ambayo hutaki kuigundua. Kioo cha kiwandani kilichozibwa vizuri bado kimeshikwa na gundi yake ya kwanza.

Huwa nasikia watu wakisema kazi hii ni ya vifaa, kwamba yeyote akinunua kisanduku anaweza. Vifaa vinauzwa kweli, hata vya mtu kujizibia nyumbani, na kwa duara dogo jipya vinaweza kusaidia. Lakini kisanduku hakimwambii mtu ni lini kioo kimepoa vya kutosha, wala kidole kisukume kiasi gani, wala ni mteja gani arudishwe na pesa zake. Hayo hujifunzwa kwa kusimama kando ya vioo vingi, na kwa kuwa na moyo wa kutokubali kijivu kidogo kibaki kwa sababu tu mteja hatakiona.

Basi, msomaji, weka selotepu angavu ndani ya gari lako leo, kwenye droo ya dashibodi. Jiwe likikupiga, simama mahali salama, futa kioo kwa kitambaa kikavu, bandika, na usikiguse tena. Usifungulie kiyoyozi kielekee kiooni, usimwache muosha magari akimwagie maji kikiwa cha moto, na usikifiche kishimo chini ya stika. Nenda kwa fundi wiki hiyo hiyo, asubuhi, kabla jua halijakolea. Ukimkuta mtu anayekuomba gari likae kivulini kwanza, anayekuuliza umepaka nini, na aliye tayari kukuambia kwamba ufa wako hauzibiki, chukua namba yake ya simu na uwape na majirani zako.